Gonga, Usikilize

Pale Ankoro, maji ya Luvua yanapoingia Lualaba, kuna mzee anayechonga mitumbwi. Asubuhi niliyomkuta alikuwa ameketi ndani ya gogo la mulombwa, miguu imejaa vumbi jekundu la mti ule, tezo imelala pajani. Alikuwa ameacha kuchonga. Alikuwa anagonga. Alikunja kidole cha kati, akagonga ubavu wa mtumbwi kwa fundo la kidole, akainamisha kichwa kama mtu anayetega sikio mlangoni. Akasogea shibiri moja, akagonga tena. Shibiri nyingine, tena. Mahali fulani akasita, akagonga mara mbili, akalamba kidole na kutia alama ya mate palepale. Kisha akainua tezo, akatoa vibanzi vitatu vyembamba kama maganda ya kitunguu. Akagonga. Safari hii uso wake ukakunjuka.

"Papa," nikamwuliza, "unasikia nini?"

"Unene," akajibu. "Mti mnene hujibu kama mtu mwenye usingizi. Mti mwembamba hujibu upesi. Mimi nataka ubavu huu na ubavu ule wajibu sawa. Wakijibu sawa, mtumbwi hautamtupa mtu."

Hana rula, hana kalamu. Ana kidole na sikio, na miaka ambayo haihesabu tena.

Nililelewa na sauti ile. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa kugonga: aligonga mpini wa jembe kabla ya kuulipia, aligonga nguzo ya nyumba kusikia kama mchwa wameingia, aligonga boga shambani. Mama naye hakununua chungu sokoni bila kukiinua kwa vidole viwili na kukigonga ubavuni. Chungu kizima kililia kama kengele ndogo. Chenye ufa kilikohoa. Muuzaji hakukasirika, kwa sababu yeye mwenyewe, kabla hajakipanga mkekani, alikuwa amekwisha kukigonga. Ilikuwa adabu ya kununua na adabu ya kuuza. Kila kitu kilichotengenezwa kilikuwa na haki ya kuulizwa, na kila fundi alijua kwamba kazi yake itaulizwa.

Nilipokuwa nimesimama juu ya kingo ya mto, nikimtazama mzee akigonga, mawazo yangu yalikwenda kwenye ndege. Msomaji asishangae. Ninazungumzia ndege za mbao na kitambaa, zilizofika katika mkoa wetu huu wa Tanganyika zaidi ya miaka 100 iliyopita, zikapaa kutoka karibu na Kalemie na kwenda kuangusha mabomu Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Watu wanapozisimulia, kama wanazisimulia, hutaja maofisa na marubani. Mimi nataka kuwataja mafundi, ijapokuwa majina yao hayakuandikwa.

Vita vya ziwa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, vilianza kupita hapa hapa mtoni. Oktoba 1915 Waingereza walishusha maboti mawili ya mahogani, Mimi na Toutou, kwa Lualaba hadi Kabalo. Yalikuwa yametoka Uingereza kwa meli hadi Afrika Kusini, yakaja kwa treni hadi Katanga, yakavutwa kwa magari ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, mpaka yakaukuta mto. Maji yalikuwa yamepungua. Maboti yale yalikwama mara nyingi juu ya mchanga ambao wavuvi wetu wanaujua kama wanavyojua viganja vyao. Yaliyapita haya maungano ya mito, yakafika Kabalo, yakapandishwa treni kwenda ziwani, na kabla ya Februari 1916 kwisha yalikuwa yameteka meli moja ya Wajerumani na kuzamisha nyingine. Iliyobaki ilikuwa kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, imetia nanga bandarini Kigoma. Kwa ajili yake zikaletwa ndege.

Zilikuwa 4, za aina ya Short 827, ambazo Waingereza waliwaazima Wabelgiji. Zilikuwa ndege za maji: badala ya magurudumu zilikuwa na maboya ya mbao. Mabawa yalikuwa ya juu na ya chini, marefu zaidi ya mita 16 kutoka ncha hadi ncha, na injini ilikuwa moja tu, Sunbeam ya nguvu za farasi 150. Hazikuja zikiruka. Zilikuja ndani ya masanduku. Zilitoka melini zikapanda treni Matadi. Zikashuka treni Kinshasa zikapanda meli ya mto. Kisangani zikarudi kwenye treni. Ubundu zikarudi mtoni. Kindu treni tena. Kongolo mto tena. Na Kabalo treni ya mwisho hadi Kalemie. Mara 7 masanduku yale yalibebwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, kwa mabega ya watu weusi ambao hakuna kitabu kinachowataja mmoja mmoja. Ndani ya masanduku mlikuwa na mbavu za mbao nyembamba kama fimbo ya mchungaji. Kuuangusha mmoja vibaya kulitosha kumrudisha rubani chini kabla ya siku yake.

Ziwa letu lina mawimbi kama ya bahari, na mawimbi yale yangevunja maboya. Basi wakatafuta maji yaliyotulia, wakayapata katika kidimbwi cha Tongwe, kando ya ziwa kubwa. Huko masanduku yakafunguliwa, na kazi ninayotaka kuisifu ikaanza.

Ndege ya siku zile ilikuwa kazi ya seremala kwanza, ya mshonaji pili, na ya fundi wa injini mwisho. Seremala alichagua mti wenye nyuzi zilizonyooka, usio na fundo, kwa sababu fundo moja katika boriti ya bawa ni kifo kinachosubiri upepo. Alichonga mbavu, akaziunganisha kwa gundi na misumari midogo, akazifunga kwa uzi. Juu ya mifupa hiyo washonaji, wengi wao wanawake kule viwandani Ulaya, walitandaza kitani na kukishona kwa mkono ubavu kwa ubavu. Kisha kitani kikapakwa dawa ya kukikaza. Dawa ile ilikuwa na harufu kali, na katika miaka ya mwanzo ya vita iliwadhuru wapakaji hadi ini, wengine wakafa. Lakini ilipokauka kitambaa kilijikaza kama ngozi ya ngoma. Kwetu ngoma hupashwa moto ili ilie; kule bawa lilipakwa dawa ili libebe. Na fundi alipotaka kujua kama bawa liko tayari, alifanya nini? Aligonga kwa kidole akasikiliza.

Baada ya kitambaa zilikuja waya. Mabawa mawili yalishikana kwa nguzo za mbao na kwa waya zilizovutwa mshazari, na uzima wote wa ndege ulikaa katika usawa wa waya hizo. Waya ikilegea, bawa lilipinda. Ikikazwa kupita kiasi, mbao ililia na kuchoka. Fundi alizipitia moja moja asubuhi, akizigusa na kuzidonoa kama mpiga zeze anayetafuta sauti. Joto la mchana likilegeza upande mmoja, alirudi kuukaza. Mvua ikivimbisha mbao, alirudi kulegeza. Hakukuwa na kumaliza. Ndege ilihitaji kuulizwa kila siku.

Na nchi zetu hazikuihurumia. Huko Rufiji, Waingereza walipoleta ndege kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg, baadhi zilishindwa na hewa yenyewe: gundi ililainika kwa joto na unyevu, mbao zikaachana. Kwa hiyo mimi nikisoma kwamba mwezi wa Mei 1916 ndege ya kwanza ilipaa kutoka Tongwe, simfikirii sana rubani. Ninawafikiria waliokesha karibu na gundi.

Wakati huohuo, mbali sana na hapa, kulikuwa na ndege nyingine ya mbao, kubwa sana kwa siku zile, na hadithi yake inaanza na mdudu tunayemjua sisi watu wa Lualaba kuliko wote. Mwaka 1911 kijana Mrusi, Igor Sikorsky, alikuwa anaruka na ndege aliyoijenga mwenyewe. Injini ikazima hewani, akaanguka, akapona. Alipoifungua injini alikuta mbu ameziba mlango mdogo wa mafuta. Mbu mmoja! Sikorsky akasema moyoni kwamba maisha ya mtu yasitegemee injini moja. Akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha mabehewa ya treni, miongoni mwa watu waliozoea kupinda mbao na kufunga milango isiyovuja upepo, na mwaka 1913 wakarusha ndege ya kwanza duniani yenye injini 4. Watu wengi walikuwa wamesema haitapaa. Desemba ya mwaka huo wakarusha mwenzake aliyeizidi ukubwa, Ilya Muromets, iliyopewa jina la shujaa wa ngano za Kirusi.

Ninaipenda ndege ile kwa sababu ilijengwa na watu wa mabehewa. Ilikuwa na chumba kilichofungwa, chenye viti na taa, kilichopashwa joto kwa moshi wa injini. Fundi aliweza kutoka nje, angani, na kutembea juu ya bawa la chini kuitazama injini. Juni 1914, katika safari kutoka Petersburg kwenda Kyiv, bomba la mafuta lilikatika na moto ukawaka bawani. Watu wawili wakatoka, wakatambaa juu ya kitambaa kile kilichokazwa, wakauzima moto kwa makoti yao. Hawakuwa wageni wa bawa lile. Waliujua kila ubavu uliokuwa chini ya magoti yao.

Muda mfupi baadaye vita vikaja, na lile behewa la angani likatiwa mabomu. Desemba 1914 Warusi waliunda kikosi cha ndege hizo peke yake, na Februari 1915 ziliangusha mabomu kwa mara ya kwanza. Zaidi ya 70 zilijengwa, ndege za kwanza za injini 4 zilizoundwa kubeba mzigo wa vita. Injini za Kijerumani zilizokuwa zikitumika hazikupatikana tena, ikabidi kutafuta nyingine, na baadhi ya Muromets zikafungwa Sunbeam 4 za nguvu za farasi 150. Ni kiwanda kilekile cha Uingereza kilichotoa injini za ndege za Tongwe. Jambo hili hunisimamisha kila nikilikumbuka: vyuma vilivyotoka kwa mikono ileile vilinguruma juu ya theluji ya Urusi na juu ya maji ya Tanganyika, mwaka mmoja, kwa kazi moja.

Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka ziwa hadi Kigoma wakaishambulia Götzen. Mabomu yao yalikuwa ya kilo 30 hivi kila moja. Ndege zilirudi tena na tena. Wasichojua wale waliokuwa juu ni kwamba mzinga mkubwa wa meli ile ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa mahali pengine, na juu ya sitaha umewekwa mwingine wa mti, uliochongwa ili kuwatisha. Seremala wa huku alikuwa amechonga mabawa. Seremala wa kule alikuwa amechonga mzinga. Mti ulipigana na mti.

Hapo ndipo moyo wangu huuma. Ninausifu ufundi, lakini siwezi kujifanya sijui uliagizwa ufanye nini. Kitani kile kilishonwa kwa uangalifu wa nguo ya harusi, kikaenda kubeba moto juu ya watu wa Kigoma, watu wanaotuuzia mawese na samaki, wanaooana na watu wetu. Mzozo haukuwa wao wala wetu. Baadaye dunia ilijifunza kutengeneza ndege za kutupa mabomu kwa bati na mashine, haraka, kwa maelfu, na hapakuwa tena na haja ya sikio la mtu. Sijui lipi linanisikitisha zaidi: mikono mizuri iliyopewa kazi mbaya, au kazi mbaya iliyogundua kwamba haihitaji mikono mizuri.

Ufundi una uaminifu wake hata hivyo, na Götzen ndiyo shahidi. Julai 1916, Wajerumani walipoona wataiacha Kigoma, waliizamisha meli yao wenyewe. Lakini mafundi waliokuja nayo kutoka Papenburg, walioipokea vipandevipande na kuiunga upya msumari kwa msumari, hawakuweza kuiua. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito kila mahali, kama anavyopakwa mafuta mtoto anayepelekwa safari ya baridi. Ilikaa chini ya maji miaka. Mwaka 1924 Waingereza waliinua mwili wake, wakakuta injini zinaweza kufufuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Vizazi vya wachuuzi na wakimbizi vimevuka ziwa juu yake. Wale mafundi walitii amri ya kuharibu kwa namna ya kuhifadhi.

Ndege za Tongwe hazikupata grisi. Mbao na kitani haviachi mifupa. Behaeghe mwenyewe aliugua akafia Niemba, njiani kati ya Kalemie na Kabalo, Desemba 1916, kijana bado. Nimetembea ufuo wa Kalemie nikiwauliza wenyeji kama wanajua kwamba ndege ziliwahi kuelea hapa kabla ya kuelea popote katika nchi yetu. Wananitazama kwa upole. Mmoja alinionyesha uwanja wa ndege.

Siwalaumu kwa kusahau ndege. Ninachokiona ufukweni pale ni usahaulifu mwingine. Maboti yanajengwa kwa mbao zilizopasuliwa wiki iliyopita, bado zina maji ndani yake. Zikikauka, zinaachana, na nafasi inajazwa kwa matambara na lami. Misumari inapigwa popote penye nafasi. Injini moja, abiria wasiohesabika, magunia ya mihogo juu yao. Na chombo kikizama, kama vinavyozama ziwani na mtoni mwaka hadi mwaka, hukosi kumsikia mtu akisema kwamba chombo cha kuzama hakina usukani, kana kwamba Mungu ndiye aliyepiga ile misumari.

Nilimwambia mzee wa Ankoro msemo huo. Akakataa kwa kichwa. "Chombo cha kuzama," akasema, "hakikugongwa."

Nikamwuliza nani atagonga baada yake. Akaonyesha kwa kidevu upande wa Manono. Wajukuu wake wako huko, wanachimba madini, kwa sababu madini hulipa jioni na mtumbwi hulipa baada ya miezi miwili. Mmoja wao, akasema, alikuwa na sikio. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliweza kulala chali ndani ya mtumbwi, macho amefumba, na kumwambia babu yake wapi pagongwe tena. Mzee alisema hivyo bila kuinua macho, akipitisha kiganja juu ya mti kama anayempapasa mtoto mgongo.

Kabla sijaondoka alinipa nafasi yake. "Keti. Gonga hapa. Sasa gonga hapa." Niligonga. Nilisikia mti, basi. Akaninyoosha kidole, akanionyesha kwamba mkono ulegee, kidole kidonoe na kutoka upesi kisizibe sauti. Nikagonga tena, mara nyingi, jua likapanda. Kisha, sijui kwa mara ya ngapi, nikaisikia: upande wa kushoto sauti ilitoka wazi, upande wa kulia ilichelewa kidogo, kama mtu anayejibu akiwa na usingizi. Nikamwambia. Hakusema kitu. Alilamba kidole akatia alama.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kalemie, ninasubiri boti la kwenda Moba. Lilikuja limejaa, jipya, limepakwa rangi ya buluu. Watu walikuwa wanasukumana kwenye maji ya magoti. Mimi nikanyoosha mkono, nikakunja kidole cha kati, nikagonga ubavu wake. Lilikohoa. Nikasogea shibiri moja, nikagonga tena, likakohoa tena. Mwenye boti alinitazama akadhani ninamwita, akanipa mkono anivute juu. Hapakuwa na boti jingine siku ile, wala siku ya pili yake.

Nikapanda.